Zishushe Kidogo

Asubuhi ile Ramla alikuwa amekaa mkekani, mashine ya taa ya kaka yake mapajani kama mtoto mchanga, akifuta kioo chake kwa kitambaa cha miwani. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo, sawa na kibiriti, lakini Yahye alisema alama moja tu ya kidole hapo inatosha kuufanya mwale wa kijani utoke hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji. Basi Ramla alifuta, akapuliza, akafuta tena.

"Abaayo, dada yangu, utakitoboa hicho kioo," Yahye akamwambia.

"Vumbi la Garissa halitoki kwa kufuta mara moja."

"Ukiwa nyumbani una mdomo. Leo ukumbini nitaona kama utaubeba."

Ramla akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli. Shuleni walimu walisahau kama yupo. Binamu yake Nimo alikuwa na mzaha wake: huyu hata salamu anazitoa kwa mkopo.

Lakini kazi ilikuwa imemwangukia yeye. Yahye alikuwa amejifunza taa za leza Eastleigh, kwa jamaa mmoja wa matamasha, akarudi nyumbani na mashine moja na laptopu yenye kioo kilichopasuka. Watu walimcheka, mtu mzima kucheza na tochi. Kisha wakaona. Tatizo ni kwamba harusi za huku, mashamsham yote yako upande wa wanawake, na upande wa wanawake mwanamume haingii hata awe fundi wa namna gani. Kwa hiyo Yahye alikaa nje ya ukuta, kando ya jenereta, na dada yake akakaa ndani kwenye vitufe.

"Rudia nilichokufundisha," Yahye akasema.

"Ndani kuna vioo viwili vidogo kama kucha. Vinacheza haraka kuliko jicho. Mwale ni mmoja tu, lakini unakimbia mpaka unauona kama feni, kama hema, kama jina la bibi harusi ukutani."

"Na hili?" Akagonga kipande cha bati alichokikata kwenye kopo la samli na kukifunga kwa skrubu chini ya kioo cha mashine.

"Askari. Linazuia mwale usishuke."

"Upite wapi?"

"Juu ya kichwa cha mwanamke mrefu aliyesimama akainua mkono."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu ukiingia jichoni unaunguza ndani, na hauumi."

"Hapo ndipo ubaya wake, Ramla. Hauumi. Mtu anapangusa machozi anaendelea kucheza. Ukiona shida yoyote, bonyeza nyekundu. Usiulize mtu."

Mama yao, Osob, akaingia na dabqaad, kile chetezo chake cha udongo, na mfuko wa uunsi alioupika mwenyewe kwa sukari na ubani. Mashine ya moshi Yahye hakuwa nayo, na mwale bila moshi hauonekani, unapita hewani kama jini. Moshi wa mama ndio ulioupa mwale mwili. Osob alijua hivyo na hakuficha majivuno yake.

"Bila mimi hamna taa," akasema. "Bila mimi mnamulika ukuta."

"Walaahi, hooyo, wewe ndiye mkurugenzi," Yahye akajibu, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Walikuwa na sababu ya kucheka. Yahye alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, akishinda kwenye vibanda vya miraa mpaka mama akawa hapiti njia ile kwa aibu. Sasa watu walimwita Yahye wa Taa.


Ukumbi ulikuwa umefungwa mapazia mazito, mchana ukawa kama usiku. Wanawake walikaa chini kwenye mazulia, magauni yao mepesi ya dirac yakimetameta, manukato na uunsi vikigombana puani. Ramla alikuwa pembeni nyuma ya meza, kisikilizio cha simu sikioni, akimsikia kaka yake kutoka nje: "Anza na feni. Polepole. Usikimbilie hema."

Akaanza na feni. Miale ya kijani ikafunguka juu ya vichwa kama mkono unaonyoosha vidole, na ukumbi mzima ukasema, "Maashallah!" Ramla akahisi kitu kikimtekenya kifuani. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye, wote walitazama alichokifanya, na hiyo kwake ilikuwa raha kubwa kuliko zote.

Raha hiyo haikudumu. Dada wa bwana harusi, mwanamke mnene wa heshima aitwaye Sahara, akaja mpaka mezani, simu mkononi, akirekodi.

"Wewe msichana. Hizi taa mmeziweka za nani? Za ndege?"

"Eeddo, shangazi, zinatakiwa kupita juu…"

"Mimi nikirekodi naona dari. Dari tunayo nyumbani. Zishushe kidogo zimguse bibi harusi."

"Kaka amesema…"

"Kaka yako yuko humu ndani? Yuko? Mimi ndiye niliyewaita. Zishushe kidogo, mwanangu, usituharibie siku."

Wanawake wa karibu waligeuka. Mmoja akasema, "Huyu si binti wa Osob wa maziwa?" Mwingine akasema, "Ndiye. Bubu." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na kucheka huko ndiko kulikomwaibisha zaidi. Mtoto wa kike aliyelelewa vizuri hamwambii mwanamke mkubwa hapana mbele za watu. Ramla angeweza kuongea na Yahye sikioni. Lakini angesema nini, na Sahara amesimama pale anamsikiliza?

Akachomoa kile kisikilizio, akatoa sarafu pochini, akalegeza skrubu. Bati likatoka.

Akapima kwa macho. Wanawake wamekaa. Mwale, akiuinamisha kidogo tu, utapita juu ya vichwa vyao vilivyokaa na kumzunguka bibi harusi begani, aliye kwenye kiti chake cha juu, ameipa mashine mgongo akipambwa mikono. Hautamfikia mtu machoni. Akauinamisha. Moshi chini ulikuwa mzito, na miale ikapita ndani yake kama maji ya kijani. Mtu aliyekaa angeweza kuinua mkono akaoga vidole. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Sahara akampiga busu shavuni.

Kile alichosahau, na hakuna msichana wa huku aliyepaswa kukisahau, ni buraanbur.

Ngoma ikalia. Na ngoma ya buraanbur ikilia, mwanamke hakai. Anasimama mwenye shairi, anawasifia wenye harusi, na wengine wanarukia uwanjani mmoja mmoja, vitambaa juu, wakikanyaga sakafu mpaka inatetemeka. Aliyesimama wa kwanza alikuwa mama yake mwenyewe. Osob alikuwa na sauti, mji mzima ulijua. Akawasifia wazazi wa bibi harusi, akawasifia wa bwana harusi, kisha akageuka, akaitazama ile meza pembeni, akaanza kuijia kwa mapigo ya ngoma huku akiimba:

*Nani aliyesema binti wa maziwa hana neno?*
*Njooni mtazame, nyota kazishusha sakafuni.*
*Ulimi wake ni mfupi, mkono wake ni mrefu,*
*Nimemzaa mimi, Osob, na siombi radhi!*

Wanawake wakaitikia. Jina la Ramla likatajwa, likarudiwa, likapigiwa makofi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Aliona ile kijani ikipita usoni mwa mama yake, ikirudi, ikipita tena, kope hazifungwi, macho yamemkazia yeye kwa furaha. Alijua. Alikuwa amefundishwa hilo na kulirudia asubuhi ileile. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwimba, na akisema abonyeze, kila kitu kitazimika katikati ya wimbo wake. Akasema moyoni, ubeti mmoja tu. Amalize huu ubeti mmoja.

Alipobonyeza, mama alikuwa ameshamaliza na kurudi kukaa, anapangusa machozi kwa ncha ya shela.

"Ni uunsi," Osob aliwaambia waliomzunguka. "Nimeutia ubani mwingi leo."

Kabla ya kumfungulia Yahye mlango wa nyuma wa kubebea vyombo, Ramla alilirudisha bati mahali pake.


Video ya Sahara ikaenda. Ikawekwa kwenye status, ikahamia TikTok, ikafika mpaka Minneapolis kwa ndugu. Yahye aliiona kabla ya kumaliza chai.

"Hii ni wewe?" Akaitazama tena. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Ramla. Umetoa bati."

"Eeddo Sahara alisema…"

"Kuna mtu alilalamika? Macho, kichwa, chochote?"

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Ramla akatazama kule. Osob alikuwa anapepeta mchele, ameinamia ungo kwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Hakuinua uso.

"Hapana," Ramla akasema.

Yahye akashusha pumzi. Simu ikaita mkononi mwake: mtu anataka taa. Ikaita tena. Wote walisema neno moja, tunataka zile za chini. Alijua sheria ya kazi yake, na mwanzoni aliwakatalia wawili. Wa tatu alikuwa wa mji wa Elwak, harusi ya mfanyabiashara wa mifugo, jina la mtu ambaye akikusifu unapata kazi mpaka Mandera. Hapo Yahye akakuna kichwa, akasema kama anayejiambia mwenyewe, "Kama walikaa, na hakuna aliyelalamika…"


Sokoni, Suuq Mugdi, Osob alikuwa na meza ya maziwa ya ngamia tangu Ramla hajazaliwa. Angeweza kumimina kutoka dumu kwenda kikombe huku anabishana na mtu mwingine, na tone lisidondoke. Jumamosi iliyofuata harusi ile Ramla alikuwa naye. Akamwona mama akimimina, na maziwa yakapita kando ya kikombe, yakatiririka mezani, yakamwingia mteja kiatuni.

Mteja alikuwa Warfa, mwenye hoteli ya pale mkabala, mtu wa maneno.

"Mama Yahye! Unamwagia ardhi maziwa, unaiombea mvua?"

"Umesukuma meza, Warfa."

"Mimi? Mimi nimesimama kama nguzo. Sema umezeeka, tukununulie miwani na kiti cha magurudumu."

Watu wakacheka. Osob naye akacheka, akamimina tena, safari hii akiweka kidole ndani ya kikombe ili ahisi maziwa yamefika. Warfa akakiona kile kidole. Kicheko kikamkauka.

"La, basi," akasema polepole. "Leo nitachukua kwa mwingine. Usikasirike, habaryar, mama yangu mdogo. Wateja wangu ni watu wa kuchaguachagua."

Alipoondoka, Ramla akasema kwa sauti ya chini, "Hooyo, fumba jicho la kushoto. Mimi nina vidole vingapi?"

"Niache nifanye kazi."

"Hooyo."

Osob akafumba. Akamtazama binti yake kwa jicho la kulia kwa muda mrefu.

"Naona shela yako," akasema. "Naona mabega. Hapo katikati, kwenye uso, kuna doa. Nikikutazama, uso wako haupo."

Ramla akaanza kulia palepale, kimya, kama alivyofanya kila kitu. Mama akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Sikiliza. Kaka yako hajui, na hatajua. Amepata jina sasa hivi tu. Likisikika neno kwamba mashine ya Yahye imekula jicho la mtu, na mtu mwenyewe ni mama yake, nani atamwita? Atarudi kwenye vile vibanda. Mimi nimeshamzika huko mara moja, simziki tena."

"Lakini Elwak…"

"Elwak watakaa. Mimi ndiye niliyesimama nikaiendea, kama mjinga. Na jicho litapona. Nalitia asali. Akirudi salama tutamwambia."


Yahye alipofunga mizigo ya safari, Nimo alikuwa ameshavaa kama anayekwenda kuolewa yeye. Mitihani ilimzuia Ramla, kwa hiyo Nimo ndiye angekaa ndani kwenye vitufe, na mama yake Nimo angewasindikiza.

"Mfundishe ile yako," Yahye akamwambia dada yake. "Mimi najua ya juu tu. Ya chini ni fani yako."

Basi Ramla akamfundisha. Mikono yake mwenyewe ikamwonyesha Nimo skrubu ilipo, sarafu inavyoingia, mashine inavyoinamishwa. Nimo alikuwa mwepesi wa kushika.

"Hivi tu? Na wewe ulivyokuwa unajitia fundi!" akasema Nimo. "Mimi huko nitawashushia mpaka magotini."

"Nimo. Watu wakisimama…"

"Wakisimama nini?"

Mama, aliyekuwa akifunga chakula cha njiani, akakohoa. Yahye akageuka kusikiliza. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jipya, na uso wake ulikuwa na ule mwanga ambao Ramla hakuwa ameuona tangu baba yao afariki.

"Wakisimama," Ramla akasema, "angalia wasikanyage waya."

"Umesikia, Nimo?" Yahye akasema. "Huyu ndiye fundi. Anafikiria mpaka waya."

Akambusu mama yake kichwani. Osob akamwombea dua ndefu, kiganja kimemlalia mwanawe shavuni, na Ramla akaona jinsi kile kiganja kilivyopapasa kwanza hewani kabla ya kulipata shavu.


Asali haikusaidia, wala maji ya Zamzam ya jirani. Mtihani wa mwisho ulipomalizika, siku ileile ya harusi ya Elwak, Ramla alikwenda moja kwa moja nyumbani na sare yake, akamvalisha mama viatu, akampeleka kwa daktari wa macho bila kuomba ruhusa. Osob hakubisha sana. Asubuhi ile alikuwa ameshindwa kutia uzi kwenye sindano, akaitupa sindano.

Daktari alikuwa kijana kutoka bara, mpole, na Kiswahili cha Osob kilikuwa cha sokoni.

"Hii jicho iko na kitu nyeusi hapa katikati," Osob akasema. "Naenda nayo, narudi nayo."

Daktari akatia dawa, akazima taa, akamulika, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitu ambacho Osob hakukielewa, akamgeukia binti yake.

"Anauliza kama ulitazama kitu chenye mwanga mkali," Ramla akamwambia kwa Kisomali.

"Mwambie jua. Mwambie nilitazama jua."

"Hooyo…"

"Mwambie."

Ramla akamgeukia daktari. Mdomo wake, ule uliokuwa mzito kwa kila jambo la maana, ukawa mwepesi. "Anasema alitazama jua," akasema.

Daktari akatikisa kichwa kwa mashaka. "Jua? Jua kwa kawaida linapiga macho yote mawili. Hili ni moja, na limechomwa mahali padogo sana, nyuma kabisa, pale pale anapoonea nyuso na maandishi. Mwambie mama pole. Miwani haitasaidia. Upasuaji pia hapana. Jicho la kushoto ni zima, tumshukuru Mungu. Na kama kuna kitu nyumbani, sijui kitu gani, taa, mashine ya kuchomelea, naomba mtu mwingine asikitazame. Hata kwa kufumba na kufumbua."

Ramla hakutafsiri. Mama hakuuliza. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, amelielewa vizuri lile neno *hapana*, maana hilo ni neno la sokoni pia.

Nje, kwenye benchi, jua lilikuwa limeanza kulala. Osob alijifunika uso wote kwa shela kwa sababu dawa ilimfanya mwanga umchome.

"Saa hizi wanaanza," akasema kutoka ndani ya shela.

"Ndiyo."

"Huko Elwak wana mwanamke mmoja wa buraanbur," akaendelea, "Barwaqo. Nilimsikia ujanani mwangu. Akiinuka yule, ukumbi wote unainuka. Hata wagonjwa." Kisha akasema, sauti imebadilika, "Mpigie kaka yako."

Ramla akapiga. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani. Akapiga ya Nimo: hapatikani. Akapiga ya mama yake Nimo. Mtu aliyekuwa akisubiri dawa karibu nao akasema, bila kuulizwa, kwamba mnara wa Elwak umekuwa hauna mtandao tangu adhuhuri, yeye mwenyewe anamtafuta mke wake.

Akaandika. Yeye aliyekosa maneno maisha yake yote, maneno yalimjia yote kwa pamoja, na hakuyachagua.

*Yahye rudisha bati. Rudisha bati sasa hivi. Jicho la mama la kulia halioni tena, ni ile taa, alisimama kucheza na mimi nilimwona nikaacha. Mwambie Nimo abonyeze nyekundu. Watasimama kaka. Nilikudanganya. Watasimama wote.*

Akatuma. Tiki moja ya kijivu ikatokea chini ya maneno yake: umetoka, haujafika. Akaishika simu kwa mikono miwili. Mtu wa dawa aliitwa jina, akaingia. Muadhini akaanza, na taa za barabarani zikawaka zile chache zinazowaka.

"Kuna jibu?" mama akauliza.

"Bado."

"Tazama vizuri."

Ramla akatazama. Tiki ilikuwa moja.